Jaza kipimo kwanza, matabishi yafuate

Ndugu wasikilizaji, ndugu wasomaji wa Kabalo, na ninyi jamaa zetu mnaongoja mwisho wa mwaka mbali na vijiji vyenu, mkiwa mmepokelewa katika nyumba za watu au mkilala chini ya hema: Noeli imekaribia, na mwaka huu tena watu wananiuliza swali moja. Mlinzi wa duka fulani alinisimamisha njiani juzi, nikiwa natoka sokoni. Akaniambia, "Papa, wewe unayeandika, sema kidogo juu ya matabishi ya Noeli. Wapatroni wanasahau." Nilimwahidi. Leo ninasema, lakini pengine si kwa namna aliyotazamia.

Kwanza tuangalie neno lenyewe, maana sote tunalijua tangu utoto. Ukienda sokoni kununua unga wa muhogo, mama anayeuza anajaza kopo lake mpaka linafurika. Analitikisa kidogo, anaongeza, kichungu kinasimama juu kama kilima, ndipo anamwaga katika mfuko wako. Hapo sasa wewe unafungua kinywa: "Mama, na matabishi?" Akiwa na roho nzuri, au akiwa amekuzoea, anachota konzi moja na kukuongezea. Akiwa na hasira siku hiyo, anakwambia nenda zako, na huwezi kumshitaki popote, kwa kuwa kipimo chako ulishapata.

Sasa mfikirie mama huyo akijaza kopo nusu, halafu anachota konzi moja, anaitupia juu, na kusema kwa tabasamu: "Shika, nimekupa na matabishi, Noeli njema." Watu wangepiga kelele mpaka ng'ambo ya Lualaba. Soko zima lingekuja kuona. Lakini patroni akifanya vilevile mbele ya wafanyakazi wake, tarehe 23 ya mwezi wa kumi na mbili, tunapiga makofi. Tunapiga na picha.

Kabla sijasema juu ya wengine, niseme yangu.

Mwaka jana nilikuwa nataka kuongeza chumba kimoja nyuma ya nyumba. Nikamchukua baba mmoja, mtu aliyekimbia kijiji chake na kupanga kwa jamaa hapa mjini, anifyatulie matofali. Tulipatana franka 60.000 kwa kazi yote, pamoja na kupanga tanuru na kuchoma. Nikampa 25.000 mwanzoni. Alifanya kazi vizuri. Matofali yake yalitoka yamenyooka, na mvua ya Novemba haikuyaharibu kwa sababu alikuwa anaamka usiku kuyafunika majani. Mimi hayo mengine 35.000 nilikuwa nayo wakati fulani, nikayatumia. Kukawa na ugonjwa nyumbani, kukawa na safari, mnajua wenyewe jinsi pesa inavyopata miguu. Ilipofika tarehe 24, nikaona haya. Nikamkamata jogoo mmoja mkubwa, nikamfunga miguu, nikampelekea yule baba mwenyewe. Nikamwambia, "Noeli njema, wewe na watoto." Akapokea kwa mikono miwili. Akasema, "Aksanti sana, papa. Mungu akubariki." Akanyamaza kidogo. Halafu akasema pole pole, akiangalia chini: "Na ile ya matofali, tutaongea lini?"

Nikamjibu kwamba tutaongea baada ya bonane. Nikarudi nyumbani na moyo mweupe kabisa, nikijiona mtu mwema.

Kesho yake asubuhi, siku yenyewe ya Noeli, nikitoka misa nikamwona jogoo wangu. Ndiye, nilimjua kwa mkia. Alikuwa kwa muuza nyama mmoja karibu na stesheni, ananing'inia. Yule baba alikuwa amemwuza jioni ileile ili alipe deni la unga ambalo mke wake alikuwa nalo, na deni hilo alilipata wakati anangoja pesa yangu. Watoto wake hawakula kuku. Nilipomwelezea mke wangu, hakunihurumia. Aliniuliza tu: "Huyo jogoo ulimpa, au ulimlipa?" Sikuwa na jibu. Kama nilimpa, basi deni bado lipo lote. Kama nilimlipa, basi nilimlipa kwa bei niliyoikata mimi mwenyewe, bila kumwuliza, na juu yake nikapokea na baraka.

Tangu siku hiyo nikianza kusikia habari za zawadi za Noeli kwa wafanyakazi, nauliza swali la mke wangu.

Hapa kwetu jambo hili lina mizizi mirefu. Mji huu ulikua juu ya kazi ya reli. Njia ya kwenda Kalemie, iliyoitwa Albertville wakati ule, ilimalizika mwaka 1915. Ile ya Kamina ikaungana na sisi mwaka 1956. Wazee wetu wengi walikuja hapa kufuata mshahara, na katika makampuni makubwa ya Katanga ya wakati wa Wabelgiji mshahara ulikuja pamoja na posho: unga, samaki, chumvi, mafuta, kila mtu kwa idadi ya watoto wake. Wako wazee ambao mpaka leo wanaitamani posho ile, na siwacheki, kwa sababu mtoto hakulala njaa. Lakini posho ilitufundisha pia kitu kingine. Ilitufundisha kumwona patroni kama baba anayelisha, na chakula kinachotoka mkononi mwake kama wema wake, wakati kilikuwa ni jasho letu linarudi likiwa limebadilishwa sura. Baba hadaiwi. Baba anaombwa, na akitoa anashukuriwa.

Halafu ikaja miaka ambayo mshahara wenyewe ukawa hadithi. Nchi nzima inajua habari ya wafanyakazi wa SNCC na malimbikizo ya mishahara yao. Migomo yao imetangazwa katika redio miaka na miaka. Katika mji kama wetu, watu wa reli wakikosa pesa, siyo wao peke yao. Mama wa sombe anakosa, fundi cherehani anakosa, shule inakosa. Mtu aliyekaa miezi mingi hivyo bila kitu, ukimpa mfuko wa mchele kilo 25 siku ya Noeli, atalia machozi ya furaha. Machozi hayo ni ya kweli. Wala simlaumu anayelia. Ninachosema ni kwamba mtoaji asiyasome machozi hayo kama risiti.

Na watu wafanye nini wakati wanangoja? Wanaenda banki lamberi. Hamhitaji nieleze, lakini wako wasomaji wa mbali: ni yule mtu wa mtaa anayekukopesha 10.000 leo, na mwisho wa mwezi unamrudishia 15.000. Mwisho wa mwezi ukipita bila mshahara, hesabu inapanda tena. Kwa hiyo mfanyakazi anayecheleweshewa mshahara wa miezi mitatu hapotezi muda tu. Anapoteza pesa kila wiki, anamlipia patroni wake riba kwa mtu mwingine. Mfuko wa mchele wa Noeli hauzibi hata tundu hilo. Mara nyingi mchele wenyewe unaenda moja kwa moja kwa mkopeshaji, kama jogoo wangu alivyoenda kwa muuza nyama.

Sasa sheria. Najua mtu akisema sheria huku kwetu wengine wanacheka, lakini ni vizuri kuijua hata kama mwenye kuitekeleza yuko mbali. Kanuni ya kazi ya nchi yetu ni sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Sheria hiyo haimlazimishi patroni kutoa mwezi wa kumi na tatu. Nasema hivi wazi kwa sababu wako wanaodanganya wenzao kwamba serikali imeamuru. Haikuamuru. Mwezi wa kumi na tatu unatokea pale ambapo umeandikwa katika mkataba wako, au katika mapatano kati ya kampuni na sendika. Ziko nchi zilizoamuru. Brazil wana mshahara wa kumi na tatu kwa sheria tangu 1962. Ufilipino rais wao alitoa amri mwaka 1975, na amri hiyo inataja mpaka siku: ulipwe bila kupita tarehe 24 Desemba. Sisi hatujafika huko.

Lakini someni kifungu cha 7 cha kanuni yetu, pale inapoeleza malipo ya mfanyakazi ni nini. Inataja mshahara, inataja komisheni, inataja prime, na inataja pia pesa zinazotolewa kama zawadi ya patroni au kama mwezi wa nyongeza. Zote zimo ndani ya neno moja, malipo. Maana yake, kwa macho ya sheria, kile anachokupa patroni mwisho wa mwaka kwa sababu ya kazi yako si sadaka. Ni sehemu ya malipo yako. Na malipo hayo hayawezi kukaa zaidi ya mwezi mmoja bila kutolewa. Kwa hiyo hakuna mahali popote ambapo sheria inasema: mpe mchele, na ile miezi mitatu isahauliwe.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalijui, na linaumiza. Dai la mshahara linazeeka. Baada ya mwaka mmoja tangu siku mshahara ulipotakiwa kulipwa, unaweza kukuta mlango wa mahakama umefungwa. Kwa hiyo mtu anayekwambia kila Noeli "ngoja kidogo, tutaongea baada ya bonane" anaweza kuwa anakula muda wako akijua anachofanya. Kinachosimamisha saa hiyo ni, kwa mfano, malalamiko mbele ya inspekta wa kazi, au karatasi ya hesabu iliyofanywa na ninyi wawili inayoonyesha deni lililobaki. Karatasi tu. Jina, tarehe, kiasi, sahihi mbili. Najua inspekta siyo mtu unayemkuta kila kona. Kutoka hapa mpaka Kalemie ni kilomita 273 za reli, na treni yetu haina siku. Ndiyo sababu karatasi ni muhimu zaidi kwa mtu wa Kabalo kuliko kwa mtu wa Lubumbashi.

Nimefika sasa kwa wale ambao hasa nimeandika kwa ajili yao.

Tukisema "wafanyakazi" wakati wa Noeli, tunafikiri watu walio na orodha: waalimu, wauguzi, watu wa reli, wa mashirika, vijana wa madepo. Hao angalau majina yao yameandikwa mahali. Lakini katika mji huu, kazi nyingi zinafanywa na watu wasioandikwa popote. Tangu vita vya kati ya Waluba na Watwa vilipowaka, hasa miaka ya 2016 na 2017 ambapo vijiji vingi vya Tanganyika vilichomwa, familia zimekuwa zikikimbilia huku na kule, nyingine zimerudi, nyingine zimekimbia tena. Mtu aliyekimbia shamba lake analima shamba la mwingine. Anapakua baleniera mtoni, anabeba maji, anafua, anafyatua matofali. Analipwa jioni, au analipwa "kesho", au analipwa kwa mihogo. Desemba ndio mwezi mbaya kuliko yote kwake: mvua zimefunga barabara, mahindi bado yako shambani, bei ziko juu, na wenye kazi wana kisingizio cha sikukuu.

Huyu hayumo katika orodha ya zawadi. Patroni anagawa sukari kwa watu wake kumi wa ndani, na wale watano waliopakua mifuko miezi miwili wanasimama nje wanaangalia. Wakiuliza, wanaambiwa: "Ninyi ni wa kibarua tu."

Ni wa kibarua tu? Kanuni ileile, kifungu cha 40, inasema mtu wa kazi ya siku kwa siku, akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na patroni akamchukua tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, basi mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na mwisho. Siku ishirini na mbili, ndugu zangu. Wengi wenu mmezipita zamani. Kwa hiyo hesabuni siku zenu. Pigeni alama ukutani, mkaa unatosha. Au mwombeni mtoto anayesoma aandike katika daftari lake. Tarehe, kazi, ulichopewa. Serikali ilikuwa imeweka kima cha chini cha siku kuwa franka 7.075 mwaka 2018, na mwaka 2025 ikatangaza 14.500. Anayelima kwa mtu hapa Kabalo anajua mwenyewe anarudi nyumbani na ngapi. Mimi sitasema.

Mama mmoja aliyekimbia na watoto wanne aliniambia neno ambalo nimelibeba. Anafua katika nyumba mbili. Nyumba ya kwanza wanampa kila Noeli kitenge kizuri, kipya, na wanamcheleweshea pesa mwaka mzima. Nyumba ya pili hawajawahi kumpa kitu cha sikukuu, lakini kila Jumamosi saa kumi pesa yake iko juu ya meza. Nikamwuliza, ungeambiwa uache moja? Akanicheka. "Papa, kitenge unakivaa ukiwa umeshiba."

Juu ya bia nitasema kwa ufupi kwa sababu nitapata maadui. Wako wapatroni ambao zawadi yao ya Noeli ni kazie ya bia kwa kila kikundi cha wafanyakazi, inywewe hapohapo, na muziki. Furaha siyo dhambi. Lakini ni zawadi inayoishia njiani. Mke na watoto wanaona tu baba anarudi ameimba. Mkataba namba 95 wa shirika la kazi la dunia, wa mwaka 1949, unakataza kabisa kulipa mshahara kwa pombe kali, na unakataza pia kulipa watu mshahara ndani ya baa, isipokuwa wanaofanya kazi humo. Waliouandika walikuwa wameona kitu. Patroni, kama unataka kweli kutoa furaha, mpe mtu pesa ya hiyo bia. Akitaka kunywa atakunywa, akitaka kununua viatu vya mtoto atanunua. Ni mtu mzima.

Na picha. Mfanyakazi anapangwa mstari, ameshika mfuko wa unga kifuani, patroni ameshika upande mwingine wa mfuko hauachii mpaka simu ilie. Jioni picha iko katika vikundi vyote vya WhatsApp, na maneno "moyo wa ukarimu". Watoto wa yule mtu wanaona. Wanafunzi wenzao wanaona. Kwa wakimbizi wa ndani hili tumelizoea sana, wakubwa wanakuja na mchele na kamera. Huko angalau ni msaada na kila mtu anajua ni msaada. Kwa mfanyakazi ni kitu kingine. Ukimpiga picha akipokea kilo tano za unga huku unamdai yeye shukrani na yeye anakudai miezi, umemfanya awe shahidi wako dhidi yake mwenyewe. Kesho akidai, utamwonyesha ile picha.

Sasa niwe wa haki. Sio kila patroni ana pesa amezificha. Ninawajua wenye depo hapa ambao mwezi wa kumi na mbili wanauza kidogo kuliko mwezi wa saba, kwa sababu mzigo wao umelala mahali fulani njiani, kodi zimewajia tatu kwa wakati mmoja, na wateja wao wakubwa ni wafanyakazi walewale wasiolipwa. Wengine ni kama mimi, watu wadogo waliochukua mtu mmoja wa kuwasaidia na wameshindwa kumlipa. Kwa hao sisemi "toeni yote kesho". Nasema semeni mapema. Jambo linalomvunja mfanyakazi siyo kuambiwa "sina". Ni kukaa bila kuambiwa mpaka jioni ya tarehe 24, mke amesimama mlangoni, halafu anapewa chupa ya mafuta. Mwite mtu wako leo. Mwambie: nakudai wewe uvumilie kiasi hiki, ninakupa kiasi hiki sasa, na kilichobaki ni hiki hapa, tumeandika. Ukiisha kuandika, hata kilo moja ya sukari utakayoongeza itakuwa tamu, kwa kuwa atajua ni sukari, si mtego.

Wengine watasema: mbona unakataza watu kuwa na moyo mwema? Sikatazi. Naipenda desturi yenyewe. Nakumbuka nikiwa mtoto jinsi nyumba ilivyojaa harufu baba yetu aliporudi na kuku wa Noeli kutoka kazini, na jinsi alivyosimulia mara tatu maneno aliyoambiwa na mkubwa wake. Ilimfanya asimame wima. Mtu anayefanya kazi mwaka mzima anahitaji kusikia mara moja kwamba imeonekana. Hata barua ya mistari miwili, yenye jina lake limeandikwa sawasawa, watu wanaihifadhi. Zawadi ya namna hiyo haina shida na wala haihitaji kuwa kubwa. Na siyo lazima iwe ya Noeli; ndugu zetu Wakimbangu wanasherehekea kuzaliwa kwa Yesu tarehe 25 Mei, na Waislamu wa mji huu wana Idi zao. Patroni mwenye akili anajua watu wake wanasali wapi. Ila mshahara, huo hauna dini.

Watu wa mashirika nawapita haraka, kwa sababu wao wana shida ya aina yao: kalenda nzuri, fulana, na mkataba unaokwisha tarehe 31 Desemba bila kujua kama utaongezwa. Kwa mtu huyo zawadi kubwa kuliko zote ni kuambiwa ukweli katikati ya mwezi, siyo tarehe 30. Na walinzi na wafagiaji wanaoletwa na kampuni nyingine kufanya kazi ndani ya ua wa shirika, wao hupata fulana peke yake. Wakubwa wa mashirika, siku moja waulizeni walinzi wenu wanalipwa lini.

Yule mlinzi aliyenisimamisha njiani atasema sikumfanyia alichoomba. Aliomba niwakumbushe wapatroni matabishi. Nilimwuliza baadaye anadai miezi mingapi. Alihesabu kwa vidole, akatumia mkono mmoja, akaanza wa pili.

Kuhusu baba wa matofali, nilimaliza deni lake mwezi wa pili, kwa vipande vitatu, na kila kipande tuliandika katika daftari la mtoto wake. Jogoo sikumhesabia. Mwaka huu anafyatua matofali kwa jirani yangu, na kazi imeshaisha, tanuru limeshapoa. Jana nilimkuta ameketi kando ya matofali hayo, nikamwuliza kama amelipwa.

"Bado, papa. Lakini ameniambia Noeli hii atanipa kuku."

Jirani huyo anatufuata hapa kila wiki. Ninamsalimu.